Sayyid Barghash bin Said (takriban 1837–1888): Mtawala wa Matangazo Mawili

Mtahiniwa, kabla hujaendelea kusoma, chukua karatasi ujibu maswali mawili. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka gani? Na utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka gani? Kama umeandika 1873 kwenye swali la kwanza, umepata. Kama umeandika 1873 kwenye swali la pili pia, umeingia kwenye mtego unaowanasa watahiniwa wengi, na maisha ya Sayyid Barghash ndiyo njia rahisi ya kukutoa humo. Yasome taratibu. Kila utakapokutana na mkataba, tangazo au hukumu, jiulize: karatasi hii ilikataza nini hasa, na ilimhusu nani?

Barghash alikuwa mmoja wa watoto wengi wa Sayyid Said bin Sultan, yule aliyeufanya mji wa Zanzibar kuwa makao yake na kuhimiza kilimo cha karafuu. Sayyid Said alifariki baharini Oktoba 1856, akirudi kutoka Oman. Barghash alikuwemo ndani ya meli ile, akafika Unguja na maiti ya baba yake, akajaribu kuwahi kushika madaraka. Hakufaulu. Kiti kilichukuliwa na kaka yake Majid, na Oman ikabaki chini ya kaka mwingine, Thuwaini.

Mwaka 1859 alijaribu tena, safari hii kwa silaha. Aliwakusanya wafuasi wake katika nyumba ya shamba iliyoitwa Marseilles, nje ya mji. Dada yake Salme, ambaye alikuwa amejifunza kuandika, ndiye aliyewaandikia wapinzani wa Majid barua zao. (Huyu Salme ndiye aliyeolewa baadaye na Mjerumani, akajulikana kwa jina la Emily Ruete. Barghash alipokuwa mtawala hakutaka hata kuonana naye, pamoja na yote aliyomfanyia.) Majid aliokolewa na askari wa majini wa Uingereza. Barghash akasalimu amri, akapelekwa uhamishoni Bombay kwa takriban miaka miwili.

Usiupite uhamisho huo haraka. Bombay ilikuwa bandari kubwa, yenye mitambo ya uchapaji, mahakama za Kiingereza na shughuli nyingi za ujenzi, na mengi aliyoyafanya Barghash Zanzibar baadaye yanafanana na yale aliyoyaona huko. Tena aliondoka na somo la pili, lililo chungu zaidi: kwamba mwenye manowari ndiye aliyeamua nani atawale Zanzibar.

Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akashika madaraka. Mwanzo wake ulikuwa mgumu. Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi kwa maelfu na kuzamisha vyombo bandarini. Pemba haikuumia kiasi kile. Basi bei ya karafuu ilipopanda, wenye mashamba wa Pemba walitaka kulima zaidi, na kulima zaidi kulikuwa na maana ya watumwa zaidi. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Ni katika hali hiyo, Januari 1873, ndipo alipofika Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, akimtaka Barghash apige marufuku usafirishaji wote wa watumwa kwa njia ya bahari. Mikataba ilikuwepo kabla ya hapo. Ule wa 1822 ulikataza kuwauzia watumwa mataifa ya Kikristo, na ule wa 1845 ulikataza kuwatoa Afrika kuwapeleka Uarabuni. Lakini yote miwili iliacha mlango wazi: mtumwa aliweza bado kupakiwa jahazini Kilwa na kushushwa Unguja au Pemba, halali kabisa. Sasa Uingereza ilitaka kuufunga mlango huo. Barghash alikataa. Matajiri wake walitegemea mashamba, mashamba yalitegemea watumwa, na kimbunga kilikuwa kimekwisha kuwafilisi nusu yao. Frere akaondoka mikono mitupu.

Aliyebaki ni konseli wa Uingereza, Dakta John Kirk. Huyu aliwahi kusafiri na Livingstone katika msafara wa Zambezi, na alikuwa ameishi Zanzibar tangu 1866. Kirk alimweleza Barghash waziwazi kwamba asipotia saini, kisiwa kitazingirwa na manowari na hakuna chombo kitakachoingia wala kutoka. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia saini.

Hapa ndipo mtahiniwa anapotakiwa kusoma kama wakili. Mkataba ulisema usafirishaji wa watumwa kwa bahari kutoka pwani ya bara ukome, masoko ya hadhara ya watumwa yafungwe katika milki yote ya Sayyid, na watumwa walioachwa huru walindwe. Wahindi waliokuwa raia wa Uingereza wasimiliki watumwa kabisa. Hakuna mahali uliposema kwamba mtumwa aliyekuwa tayari shambani kwa Mwarabu au Mswahili amekuwa huru.

Baada ya siku chache Barghash alitoa tangazo kwa raia wake, likabandikwa forodhani, mahali ambapo nahodha, mfanyabiashara na mchukuzi hawakosi kupita. Zanzibar haikuwa na gazeti la serikali wakati ule. Lilikuja 1892, Barghash akiwa amekwisha kufariki. Kwa hiyo karatasi ya ukutani, iliyoandikwa kwa Kiarabu, ndiyo iliyokuwa sheria iliyotangazwa. Asiyejua kusoma alisomewa, na habari ikaenda mjini kwa midomo. Tangazo lilisema kwamba kusafirisha watumwa kwa bahari kumekatazwa katika bandari zote, masoko ya kuwauza yamefungwa, na atakayekiuka ataadhibiwa. Soko la Mkunazini likafungwa. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka uleule liliwekwa hapo jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana, ambalo bado limesimama.

Na mahakama je? Zanzibar ya Barghash haikuwa na mahakama moja, na swali la nani ni huru lilitegemea umesimama mbele ya nani.

Ya kwanza ni mahakama ya Sayyid mwenyewe na makadhi wake. Walikuwepo makadhi wa Kiibadhi na wa Kisunni, maana watawala walikuwa Waibadhi na raia wengi Waislamu walikuwa Wasunni wa madhehebu ya Shafii. Mashauri makubwa na malalamiko yalifika kwa Barghash barazani. Katika mahakama hizi utumwa ulikuwa jambo halali. Kadhi aliweza kuthibitisha kwamba bwana fulani amemwacha huru mtumwa wake, lakini hakuweza kumwambia bwana kwamba hana haki ya kuwa na mtumwa.

Ya pili ni mahakama ya konseli wa Uingereza. Kwa mikataba ya biashara, raia wa mataifa ya kigeni walihukumiwa na wawakilishi wao, na tangu 1866 mahakama ya konseli wa Uingereza ilikuwa na rufaa yake Bombay. Mbele yake Mhindi aliyehesabiwa raia wa Uingereza hakuwa na haki ya kumiliki mtumwa. Jambo hili halikuanza na mkataba wa 1873. Konseli Rigby alikwisha kuwaacha huru maelfu ya watumwa wa Wahindi karibu na mwaka 1860.

Ya tatu ilikuwa ya bahari. Kwa sheria ya Bunge la Uingereza ya 1869, konseli alipewa uwezo wa kuamua kesi za majahazi yaliyokamatwa na manowari. Jahazi likithibitika kubeba watumwa wa kuuzwa, lilitaifishwa au kuharibiwa, na watu waliokuwemo waliachwa huru. Wengi wao walikabidhiwa misheni: Mbweni hapo Unguja, na kuanzia 1875 Freretown karibu na Mombasa, kijiji kilichopewa jina la yule Frere. Mabaharia wa Uingereza walilipwa zawadi kwa kila jahazi lililohukumiwa, na si ajabu kwamba wenye majahazi walilalamika kuwa vyombo vingine vilichomwa bila ushahidi wa kutosha.

Sasa wafikirie watu watatu waliotekwa pamoja karibu na Ziwa Nyasa. Mmoja amenunuliwa na mwenye shamba wa Kiarabu, wa pili yuko nyumbani kwa mfanyabiashara wa Kihindi, wa tatu amekamatwa baharini akiwa jahazini. Mwaka 1874 wa kwanza ni mtumwa, wa pili anaweza kudai uhuru, wa tatu amekwisha kuupata. Nchi ni moja, mtawala ni mmoja. Ukiweza kueleza tofauti hii kwa maneno yako mwenyewe, umeelewa mada hii kuliko anayekariri tarehe kumi.

Wafanyabiashara nao walilisoma tangazo la 1873 kwa makini, pengine kuliko watahiniwa wetu. Walikatazwa bahari, wakatumia nchi kavu. Misafara ya watumwa ilitoka Kilwa ikaelekea kaskazini kwa miguu kando ya pwani hadi maeneo ya Pangani, kisha watu wakavushwa usiku kwenda Pemba, ambako wenye mikarafuu walikuwa wakiwasubiri. Frederic Elton, ofisa wa Uingereza aliyeifuata njia hiyo mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874, aliwahesabu watumwa zaidi ya 4,000 katika muda wa mwezi mmoja hivi. Kwa waliotembezwa, mateso yaliongezeka: safari fupi ya jahazi iligeuka majuma ya kutembea na njaa.

Kwa sababu hiyo Aprili 1876 Barghash alitoa matangazo mengine. Yalikataza misafara ya watumwa kutoka bara kuja pwani, na yakakataza kuwapitisha watumwa kwa nchi kavu kando ya pwani. Mwaka uliotangulia alikuwa ameizuru Uingereza na kupokewa na Malkia Victoria, na Kirk alikuwa amekuwa mshauri wake wa karibu. Wafanyabiashara wa Kilwa walikasirika sana. Mwaka 1877 Barghash alianza kuunda jeshi jipya chini ya Luteni Lloyd Mathews, Mwingereza, kwa sababu tangazo lisilo na askari nyuma yake lilikuwa karatasi tu.

Je, tumwite Barghash mkombozi wa watumwa au kibaraka wa Waingereza? Mtihani ukikuuliza, usikimbilie jibu moja. Aliwekewa shinikizo, hilo halina ubishi. Lakini baada ya kutia saini alisimamia matangazo yake dhidi ya matajiri wake mwenyewe, na ingekuwa rahisi kwake kuyaacha yaoze ukutani. Kwa maoni yangu alipiga hesabu: alidhani akiitii Uingereza katika suala la watumwa, Uingereza ingemlindia milki yake ya bara.

Mengine aliyoyafanya unayajua, basi tuyapite kwa ufupi. Aliwaletea watu wa mji maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi. Karibu na mwaka 1880 alianzisha kiwanda cha uchapaji kilichochapa vitabu vya dini na sheria za Kiibadhi. Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib.

Hesabu yake ya bara ilivunjika ghafla. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya saini za machifu, na Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatangaza kuyaweka maeneo hayo chini ya ulinzi wake. Barghash alipinga kwa simu ya maandishi hadi Berlin. Jibu lilikuja Agosti 1885: manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake. Uingereza ilimshauri akubali. Kwa makubaliano ya 1886 kati ya Uingereza na Ujerumani, alibakiwa na visiwa, miji kadhaa ya pwani ya kaskazini, na ukanda wa maili 10 kutoka baharini.

Barghash alifariki Machi 1888, akiwa amerejea tu kutoka Oman alikokwenda kutafuta nafuu ya maradhi. Siku alipozikwa, mtumwa wa shambani Pemba alikuwa bado mtumwa mbele ya kadhi. Amri ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya kisheria katika Unguja na Pemba ilitolewa 1897, chini ya Sultani Hamoud. Hata hiyo ilimtaka mtumwa mwenyewe aende mahakamani kuomba uhuru wake, bwana akalipwa fidia, na masuria hawakuhesabiwa mpaka 1909. Tanganyika ilisubiri hadi 1922.

Jipime

1. Eleza kwa nini tangazo la Barghash la 1873 lilihitaji kufuatiwa na matangazo ya 1876.

2. Mwanafunzi mwenzako ameandika kwamba mwaka 1873 mahakama zote za Zanzibar ziliacha kuutambua utumwa. Msahihishe, ukitaja mahakama mbili tofauti.