H.G. Wells: alifeli mtihani, akatuletea wageni kutoka Mars



Juzi nilikuwa kafe, dogo mmoja kwenye kompyuta ya pembeni anaangalia muvi ya viumbe kutoka sayari nyingine wanalipua miji. Akaniuliza, hivi haya mambo aliyaanzisha nani? Nikamwambia hakuna mtu mmoja, ila kuna jamaa ambaye ukimtoa, nusu ya muvi unazozipenda zinakosa babu. Nikaahidi kumwandikia. Dogo, hii ni yako.

Jamaa anaitwa Herbert George Wells. Alizaliwa tarehe 21 Septemba 1866 huko Bromley, karibu na London, Uingereza. Usidhani alikuwa mtoto wa kishua. Baba yake alikuwa na kiduka cha vyombo ambacho hakiuzi, akawa anaongezea kipato kwa kucheza kriketi ya kulipwa. Mwaka 1874 Wells alivunjika mguu, akalala kitandani wiki kadhaa akiletewa vitabu. Hapo ndipo ugonjwa wa kusoma ulipomwingia. Mwaka 1877 baba naye akavunjika mguu. Kriketi ikaisha, na hela ikaisha. Mwaka 1880 mama akaenda kufanya kazi ya kusimamia watumishi kwenye jumba la matajiri linaloitwa Uppark.

Kijana akatolewa shule, akapelekwa kujifunza kazi ya kuuza vitambaa. Kule Southsea alisota miaka miwili, kazi kama saa 13 kwa siku. Mwaka 1883 uzalendo ukamshinda. Akachapa lapa karibu kilomita 27 mpaka Uppark, kumwambia mama yake kwamba dukani harudi tena.

Akapata nafasi kwenye shule moja ya Midhurst, anafundisha wadogo huku na yeye anasoma. Akafaulu mitihani ya sayansi, na mwaka 1884 akapata ufadhili wa kusoma chuo cha sayansi London. Mwalimu wake wa biolojia akawa T.H. Huxley, yule mtetezi mkubwa wa Darwin. Mwaka wa kwanza alifanya vizuri. Baadaye akaanza kupoteza muda kwenye midahalo ya siasa na gazeti la wanafunzi, na mwaka 1887 akafeli mtihani wa mwisho wa jiolojia. Akaondoka bila digrii.

Mimi nilimaliza form four, matokeo yangu nayajua mwenyewe. Kwa hiyo hapa ndipo jamaa aliponikamata. Maana mkosi haukuishia hapo. Mwaka huohuo, akiwa mwalimu huko Wales, aliumizwa figo kwenye mpira, akawa mgonjwa wa mara kwa mara. Digrii aliipata mwaka 1890, lakini 1893 alitema damu nyingi mpaka akaacha ualimu. Kilichobaki ni kalamu.

Sasa angalia hiyo kalamu ilifanya nini ndani ya miaka minne tu. 1895, The Time Machine: safari ya wakati kwa kutumia mashine. 1896, The Island of Doctor Moreau: mwanasayansi anayekatakata wanyama ili wawe kama watu. 1897, The Invisible Man: mtu asiyeonekana. 1898, The War of the Worlds: uvamizi kutoka Mars. Hayo ni matawi manne ya hadithi za kisayansi. Wengine walishayagusa kabla yake, lakini yeye ndiye aliyeyafanya yajulikane dunia nzima.

Ninachotaka mjue ni kwamba mambo hayo hakuyaokota angani. Kwenye The Time Machine, msafiri anafika mwaka 802701 na kukuta binadamu wamegawanyika: wa juu laini, wanacheza tu, na wa chini ya ardhi wanaoendesha mitambo na kuwala wale wa juu. Wells alikulia kwenye nyumba yenye jiko chini ya ardhi. Na kule Uppark kuna njia za chini kwa chini ambamo watumishi walipita na vyakula vya mabwana. Huyo ni mtoto wa mtumishi anaandika.

Au chukua The War of the Worlds. Wazo lilitokana na maongezi na kaka yake Frank kuhusu Waingereza walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania. Wells akajiuliza, je, na sisi tukishukiwa na watu wenye silaha tusizozielewa? Miaka hiyohiyo, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Uingereza ziliipiga Zanzibar kwa mizinga, na vita ikaisha ndani ya saa moja. Zanzibar haimo kwenye kitabu, ila msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa mizinga ile inafananaje na Wamars. Na kinachowaua Wamars ni vijidudu vya maradhi, somo la biolojia kabisa.

Simfanyi malaika. Mwaka 1901 aliandika kitabu kinachoitwa Anticipations, kina maneno ya kikatili kuhusu watu weusi na wote aliowaona hawaendani na dunia mpya. Mtu aliyewaonea huruma Watasmania! Ubongo mmoja unaweza kubeba yote mawili. Baadaye alibadilika, na mwaka 1940 alitoa kitabu cha kudai haki za kila binadamu.

Mwaka 1914 aliandika kuhusu mabomu ya atomu, hata kabla hayajakuwepo. Mwanafizikia Leo Szilard alikisoma kitabu hicho mwaka 1932, na mwaka uliofuata akapata wazo la mnyororo wa kupasua atomu. Agosti 1945 Hiroshima ikaungua, na Wells alikuwa hai, mzee, anasikia. Akafariki London tarehe 13 Agosti 1946.

Wadau, ninachojifunza ni hiki: duka la vitambaa, jiko la chini, mtihani uliofeli, vyote viliingia kwenye hadithi. Stori za baadaye zinaanzia mtaani kwako. Je, Wamars wangeshukia mtaa wenu, stori ingeanzaje? Mwageni kwenye maoni, nitasoma zote.

Nawasilisha.