Kilicho Moyoni Hakizimwi na Giza

Ukipita Tandika, Mbagala au Mwananyamala Jumamosi alasiri, utasikia kwaya zikifanya mazoezi. Pasaka ikifika, zipo zitakazoimba Haleluya ya Handel kwa kichwa, sauti zote nne, bila karatasi mkononi. Kwingine vijana wataigiza mateso ya Bwana wakiwa wamejifunga mashuka. Je, unamfahamu aliyetunga wimbo huo?

George Frideric Handel alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685. Baba yake alitaka awe mwanasheria, lakini moyo wa kijana ulikuwa kwenye kinanda. Alikwenda Italia, kisha akahamia London. Huko alitunga opera kwa miaka mingi, yaani michezo ya kuigiza inayoimbwa, yenye mavazi ya fahari na majukwaa ya gharama. Alipata sifa. Baadaye watazamaji wakapungua, na mwaka 1737, akiwa na miaka 52, mwili ukapooza upande na mkono wa kulia ukalegea. Mungu akamjalia kupona.

Mwaka 1741 rafiki yake Charles Jennens alimpa maneno aliyoyachagua katika Biblia. Handel aliandika Messiah kwa siku 24 tu. Safari hii hapakuwa na mavazi wala maigizo; waimbaji walisimama na kuimba Neno. Ilisikika mara ya kwanza mjini Dublin, tarehe 13 Aprili 1742. Mapato yalikwenda kwenye hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakatolewa. Wimbo huo ulianza safari yake kwa kufungua milango ya gereza.

Februari 1751, Handel akiwa katikati ya kutunga kazi nyingine, jicho la kushoto likafifia. Miaka miwili baadaye akawa kipofu. Hakuweza tena kusoma hata alama alizoziandika mwenyewe. Lakini hakukaa nyumbani. Aliongozwa kwa mkono hadi kwenye kinanda, akapiga kwa kumbukumbu, na pale palipohitaji kitu kipya akakitoa moyoni papo hapo. Messiah iliendelea kuimbwa kila mwaka kuchangia nyumba ya watoto waliotelekezwa London. Tarehe 6 Aprili 1759 alihudhuria Messiah kwa mara ya mwisho. Alifariki tarehe 14, Jumamosi, mkesha wa Pasaka.

Ndugu yangu, sisi tunabeba Biblia na nyimbo kwenye simu. Ni jambo jema. Lakini chaji ikiisha, macho yakififia, au ukilazwa wodini usiku usipate usingizi, utaimba nini? Zaburi ya 119 inamtaja mtu aliyeliweka neno la Mungu moyoni mwake. Huko mgao wa umeme haufiki.

Basi wiki hii fanya mawili. Chagua zaburi moja, uikariri pamoja na watoto wako. Pili, mkumbuke yule mzee au mama aliyeacha kwaya kwa sababu haoni tena maandishi. Huenda beti zote anazo kichwani, anachokosa ni mtu wa kumshika mkono mpaka kanisani. Mpitie Jumapili ijayo, mwende naye.