Tom Mbotela: Mpwani wa Freretown aliyebaki kuwa jina la mtaa Nairobi

Ukisoma majina ya mitaa ya Eastlands jijini Nairobi utadhani umeshukia Kisiwani Mombasa. Kuna Majengo, kuna Kaloleni, kuna Bondeni, kuna Ziwani, kuna Makadara. Majina hayo yote tunayo hapa kwetu, na mtoto wa Tononoka anaweza kuyataja yote bila kuvuka Daraja la Nyali. Lakini katika mitaa hiyo ya Nairobi upo mmoja ambao jina lake halikutokana na bonde wala ziwa. Unaitwa Mbotela, na hilo ni jina la mtu.

Makanga wa matatu za Barabara ya Jogoo hulitaja kutwa nzima. Waulize abiria Mbotela alikuwa nani, na wengi watakujibu bila kusita kwamba ni yule mtangazaji wa kipindi cha Je, Huu ni Ungwana, Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Wamemkosea mtu, ila ukoo hawakuukosea. Mtaa ulipewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa Nairobi usiku wa 26 Novemba 1952. Wakati huo mtangazaji wetu alikuwa bado mtoto wa shule.

Namleta Tom Mbotela leo kwa sababu kuna mjadala usiokwisha kwetu. Kila zinapotajwa kazi za bandari, hatimiliki za ardhi au viti vya kaunti, swali hurudi: Mpwani halisi ni nani? Mmoja atasema ni Mmijikenda. Mwingine atasema ni Mswahili wa miji ya kale, mwenye kanzu na kofia ya vito. Wa tatu atataja Taita, Tana na Lamu ili asilaumiwe. Tom Mbotela hakai katika jibu lolote kati ya hayo, na bado sijui mtu aliyekuwa Mpwani kumzidi katika siasa za Nairobi za zama zake.

Tuanze na Freretown. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alibanwa na Waingereza akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Aliyetumwa kumbana alikuwa Sir Bartle Frere. Manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi baharini, na waliookolewa wakawa hawana pa kupelekwa. Kurudi makwao wengi hawakuweza: walikuwa Wanyasa, Wayao, Wamakua na wengineo kutoka nchi za mbali kusini, na wengine walichukuliwa wakiwa wadogo hata njia hawaikumbuki. Wamisheni wa Kianglikana wa CMS wakapata ardhi bara kaskazini, ng'ambo ya kisiwa, na kuanzia 1875 wakaanza kuwakalisha hapo. Kijiji kikaitwa Freretown kwa jina la yule bwana. Mnara wa kengele yao ndio uliotupa Kengeleni, pale ambapo leo magari yanakwama kila jioni.

Huko ndiko lilikotoka jina Mbotela. James Juma Mbotela, mwalimu wa ukoo huo, aliandika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934, kueleza jinsi wazee walivyotekwa, walivyookolewa na walivyoanza maisha mapya ufukweni. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya Kiswahili vilivyoandikwa na Mkenya, na kilisomwa shuleni kwa miaka mingi. Wapo wasomi wanaokilaumu kwa kuwapamba mno Waingereza na kuwapaka Waarabu peke yao uchafu wote. Lawama hiyo ina ukweli. Lakini mtu aliyelelewa na wazee walioshushwa kutoka katika majahazi yale ana haki ya kushukuru mkono uliowashusha, hata kama mkono huo baadaye ulikuja kutunyang'anya nchi. Shukrani hiyo ikumbukwe, kwa maana itatusaidia kumwelewa Tom.

Watu wa Freretown hawakupokewa kwa vigelegele. Majirani waliwaita mateka. Kwa Waislamu wa mjini hawakuwa waungwana, tena walikuwa Wakristo. Kwa Wamijikenda walikuwa wageni wasio na kaya wala mbari. Basi wakatengeneza upwani wao kwa vitu walivyovipata. Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani kabisa, si ya sokoni tu, kwa sababu mume Myao na mke Mnyasa hawakuwa na lugha nyingine ya kulea mtoto. Ndani ya vizazi viwili walikuwa watu wa nazi, samaki na bahari. Jambo moja walikuwa nalo ambalo majirani wengi hawakulipata mapema, nalo ni shule. Ndiyo maana vijana wao walitawanyika bara kama makarani, walimu na wakalimani reli ilipofika Nairobi.

Nairobi yenyewe ilikuwa na Pwani yake tangu mwanzo. Miongoni mwa vijiji vya kwanza vya Waafrika mjini humo kimoja kiliitwa Mombasa. Kulikuwa pia na Pangani, Maskini na Kaburini. Serikali ya kikoloni ilipoamua kuwakusanya Waafrika mahali pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikafungua Pumwani, na nyumba zilizojengwa Majengo zilikuwa za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi wake walihamishiwa Shauri Moyo. Kaloleni ikafuata wakati wa vita vya pili, na nyumba zake za mawe, uwanja na ukumbi wake ambamo siasa nyingi za nchi hii zilipikwa.

Katika Majengo hiyo mtu aliweza kuwa Mswahili bila kuzaliwa Pwani. Mwanamke wa Kikuyu au wa Kikamba aliyesilimu, akavaa buibui, akanunua nyumba na kuipangisha vyumba, aliitwa Mswahili na akazikwa kama Mswahili. Wapo Wapwani wanaolicheka jambo hilo. Mimi naona walifanya kile kile walichofanya wazee wa Freretown, ila wale walishika Kurani na hawa walishika Biblia.

Tom Mbotela aliingia katika siasa za mji huo akiwa na faida moja na hasara moja, na zote mbili zilitoka mahali pamoja. Hakuwa na kabila la kumdai. Nairobi ya miaka ya 1940 ilikuwa imeanza kujipanga kwa vyama vya kikabila, kila kundi na umoja wake wa kuzikana, kuchangiana na kupeana kazi. Waluo walikuwa na Luo Union, na wengine walikuwa na vyao. Mtu wa Freretown angeunda umoja wa kabila gani? Wa Nyasa, ambako hajawahi kufika? Kwa chama kilichotaka kuonekana ni cha Waafrika wote, mtu wa namna hiyo alikuwa lulu.

Chama hicho kilikuwa KAU, kilichoanzishwa mwaka 1944 baada ya Eliud Mathu kuteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Tusisahau kwamba katibu wake wa kwanza, Francis Khamis, alikuwa mtu wetu wa Mombasa. Jomo Kenyatta alichukua urais wa chama mwaka 1947, na katika miaka iliyofuata Mbotela akapanda hadi kuwa makamu wa rais. Yaani nafasi ya pili katika chama kikuu cha Waafrika wa Kenya ilishikwa na mjukuu wa watumwa walioachwa huru, Mpwani asiye na mbari, anayeishi Nairobi. Sina hakika kama leo chama chochote kikubwa kingeweza kumpa mtu wa aina hiyo nafasi hiyo.

Hapo ndipo mambo yalipochacha. Nairobi ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 30 Machi 1950, na vyama vya wafanyakazi vikasusia sherehe, vikiuliza ni jiji la nani ilhali mfanyakazi Mwafrika analala na wenzake saba chumbani. Mwezi uliofuata, tarehe 23 Aprili, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alitoa hoja ya kutaka uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mei yeye na Fred Kubai walikamatwa, na mgomo mkubwa ukalipuka. Mwaka 1951 Kubai na Bildad Kaggia waliliteka tawi la KAU la Nairobi. Viapo vilikuwa vimeshaenea Eastlands, nyumba kwa nyumba.

Mbotela alibaki upande wa wastani. Aliamini katika mikutano, maombi ya maandishi, mabaraza ya jiji na kusonga hatua kwa hatua, na alipinga Mau Mau waziwazi. Kundi lake likapoteza nguvu ndani ya chama.

Wapo watakaosema alikuwa kibaraka. Sikubali, ingawa naelewa kwa nini neno hilo lilimganda. Ardhi aliyonyang'anywa Mkikuyu wa Kiambu au mskwota wa Bonde la Ufa ilikuwa jeraha ambalo mtu wa Freretown hakulibeba mwilini. Kiapo kilichofungwa kwa udongo na mbuzi kilikuwa cha nyumba isiyokuwa yake. Na jamii yake ilikuwa imefundishwa vizazi vitatu kwamba ukombozi huletwa na sheria na shule. Kwa hiyo hakuona, au hakutaka kuona, kwamba Waingereza wa 1952 hawakuwa na nia ya kusikiliza maombi ya mtu yeyote. Katika hilo Kubai na Kaggia waliisoma serikali vizuri kuliko yeye. Lakini kupinga viapo vya usiku si sawa na kuuza nchi, na wengi waliokuwa na hofu kama yake walinyamaza tu ili waishi.

Tarehe 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Kenyatta, Kubai, Kaggia na wenzao wakakamatwa. Mwezi mmoja baadaye, kesi ya Kapenguria ndiyo kwanza inaanza, Mbotela aliuawa akirudi nyumbani usiku. Mwili wake ulikutwa karibu na soko la Burma, Shauri Moyo, na muda mfupi baadaye soko lenyewe likateketea kwa moto. Mauaji yalihesabiwa kuwa kazi ya Mau Mau.

Hapa ndipo hasara ya kutokuwa na kabila ilipoonekana. Mwaka 1953 aliuawa kiongozi mwingine wa Eastlands, diwani Ambrose Ofafa. Waluo walichangishana, na leo Kisumu kuna ukumbi wa ukumbusho wenye jina lake. Mbotela hakuwa na umoja wa kumchangia. Nyuma yake kulikuwa na kijiji kidogo ng'ambo ya Mombasa, chenye shule, kanisa na kengele.

Waliomkumbuka kwa haraka walikuwa wakoloni. Halmashauri ya jiji ilipojenga mitaa mipya ya Waafrika katika miaka hiyo ya hatari, mmoja ukaitwa Mbotela na mingine ikabeba jina la Ofafa: Ofafa Jericho, Ofafa Maringo. Ujumbe ulikuwa wazi kwa kila mpangaji aliyepewa ufunguo. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walizolewa kutoka mitaa hiyo hiyo ya Eastlands na kutupwa kambini. Mtu aliyeamini katika majadiliano akageuzwa kibao cha serikali iliyokuwa haijadiliani na yeyote. Sidhani kama Tom Mbotela angeifurahia heshima hiyo.

Uhuru ulipokuja majina mengi ya kikoloni Nairobi yalifutwa. Barabara ya Doonholm ikawa Barabara ya Jogoo. Mbotela likabaki. Nafikiri lilisalimika kwa kuwa tayari lilikuwa limekwisha kuwa jina la mahali tu, kama Bondeni na Ziwani, na watoto waliozaliwa humo walikuwa wakilitamka kwa Sheng bila kumfikiria mtu yeyote.

Siasa za Pwani nazo zilikuwa zimeshika njia nyingine. Ronald Ngala na KADU, kuanzia 1960, walidai majimbo, na upwani ukaanza kuhesabiwa kwa mipaka na kwa nani ni mwenyeji ndani yake. Madai yale yalikuwa na msingi, na ardhi yetu inathibitisha mpaka leo. Ila katika hesabu ya namna ile, watu wa Freretown walibaki wakiulizwa upya kabila lao katika ofisi ambazo fomu yake haina kisanduku chao. Hata mzee ambaye babu na bibi yake wamezikwa Kisauni, asiyejua lugha nyingine ya kuota ndoto ila Kiswahili, huulizwa kwao hasa ni wapi.

Kaunti yetu imezipa barabara na shule majina ya watu wengi, baadhi yao hata hatujui walifanya nini. Freretown bado ipo, Kengeleni ipo, na mnara wa kengele unasimama pale pale kando ya barabara. Pana nafasi ya kibao kimoja pale chenye jina la Tom Mbotela na mwaka 1952, kiwekwe na watu wa kwao safari hii.