Gaudí, Mjenzi wa Vigae

Nyumbani kwangu hapa Ganjoni, juu ya kabati la vitabu, pana kigae kimoja cha sahani ya kauri, cheupe chenye maua ya samawati, ukubwa wake hauzidi kiganja cha mtoto. Wageni huniuliza kwa nini sikitupi. Jawabu yake ni ndefu kidogo, nayo yapitia katika maisha ya mtu ambaye hakuwa wa pwani yetu wala wa dini yetu: Antoni Gaudí, mjenzi mashuhuri wa mji wa Barcelona, nchini Hispania, aliyefariki mwaka 1926.

Kwanza, msomaji mpenzi, sina budi kuungama kosa langu. Marehemu bibi yangu alikuwa na nyumba katika Mji wa Kale, nyumba ya mawe ya matumbawe na dari za boriti, na ndani kabisa mlikuwa na ukuta wa zidaka, kila kidaka na sahani yake. Nilipokuwa kijana wa miaka thelathini hivi, dari ya chumba kile ilianguka na sahani nyingi zikavunjika. Niliamrisha vigae vizolewe pamoja na kifusi vikatupwe jaani. Kisha nikamwambia fundi aikwangue chokaa ya ukutani na kupiga saruji mahali pake, nami nikajiona mtu wa kisasa. Haukupita muda mrefu ukuta ukaanza kutoka jasho na kumeguka. Mzee mmoja mwashi ndiye aliyenieleza sababu, lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika: jiwe la matumbawe hunywa unyevu na kuutoa, chokaa huliacha lipumue, na saruji huliziba pumzi. Leo wapwa zangu wanataka nyumba ile iuzwe kabla haijaanguka, na kila wanapolitaja jambo hilo mimi hukitazama kigae changu na kumkumbuka Gaudí.

Alizaliwa tarehe 25 Juni 1852, pande za Reus, katika jimbo la Katalonia. Baba yake alikuwa mfua shaba, na babu yake pia. Baadaye Gaudí alikuwa akieleza kwamba ujenzi aliujifunza katika karakana ile, kwa kumtazama baba yake akilichukua bamba lililo bapa na kuligeuza chombo chenye tumbo na nafasi ndani yake. Utotoni aliugua baridi yabisi, hata mara nyingine hakuweza kutembea ila kwa kupanda punda. Wenzake wakikimbia, yeye alikaa akitazama konokono, majani na matawi ya miti. Huenda maradhi hayo ndiyo yaliyompa macho, kwani mtu asiyeweza kukimbia huona vingi ambavyo mkimbiaji huvipita.

Alikwenda Barcelona kusomea ujenzi na akapata shahada yake mwaka 1878. Mji huo ulikuwa katika kutajirika. Kuta zake kongwe zilikuwa zimeanza kubomolewa tangu mwaka 1854, viwanda vya pamba vilikuwa vikivuma, na fedha nyingi zilikuwa zikitoka ng'ambo, hasa kisiwa cha Cuba, ambako utumwa haukukomeshwa mpaka mwaka 1886. Matajiri walitaka majumba ya kujionyesha, na Wakatalani kwa jumla walikuwa wakiifufua lugha yao na fahari yao. Hapo ndipo ulipozaliwa mtindo wao mpya wa sanaa na ujenzi. Gaudí hakuwa peke yake. Alikuwako Lluís Domènech i Montaner, aliyejenga jumba la muziki la Barcelona kati ya mwaka 1905 na 1908, na alikuwako Josep Puig i Cadafalch. Lakini kati yao wote, Gaudí ndiye aliyekwenda mbali zaidi.

Bahati ilimjia mapema. Katika maonyesho makuu ya Paris ya mwaka 1878, kabati la vioo alilolichora kwa ajili ya duka la glavu lilimvutia tajiri mmoja wa viwanda, Eusebi Güell. Wawili hao wakawa marafiki mpaka Güell alipofariki mwaka 1918, na mengi ya majengo makubwa ya Gaudí yalijengwa kwa mali ya rafiki yake huyo.

Sasa nafika pale palipounasa moyo wangu. Barcelona iliwahi kuwa chini ya Waislamu mpaka Wafaranka walipoitwaa mwaka 801, na mji wa Tortosa, kusini ya Katalonia, ulikuwa wa Waislamu mpaka mwaka 1148. Hata baada ya dola kupinduka, mafundi wa Kiislamu waliendelea kuishi Hispania karne nyingi chini ya wafalme wa Kikristo, wakijenga kwa matofali na vigae, mpaka wazao wao walipofukuzwa nchini kati ya mwaka 1609 na 1614. Watu walitolewa, ufundi ukabaki. Hata neno la Kihispania la vigae vya ukutani, azulejo, asili yake ni Kiarabu.

Gaudí alizisoma kwa makini picha za majengo ya Waislamu, akayatia aliyojifunza katika nyumba yake kubwa ya kwanza, Casa Vicens, iliyojengwa kati ya mwaka 1883 na 1885. Ukuta wake wa nje umevikwa vigae vya kijani, vyeupe na vya maua ya manjano, na dari ya chumba cha kuvutia tumbaku imeteremshiwa mapambo ya muqarnas, kama sega la nyuki. Mnamo mwaka 1892 na 1893 alichora jengo la mapadri wa Kifransisko la kujengwa Tangier, nchini Moroko. Halikujengwa, lakini minara yake yenye umbo la mche mrefu aliirudia baadaye katika kanisa lake kuu.

Hapa Mombasa tunalijua jambo la mtu kuazima sura ya majengo ya Kiislamu. Kanisa kuu la Waanglikana, lililowekwa wakfu mwaka 1905, lina kuba ambayo mgeni aitazamapo kwa mbali hudhani ni msikiti. Na kule Unguja jumba la makumbusho la Beit el Amani, lililochorwa na Mwingereza John Sinclair na kufunguliwa mwaka 1925, nalo lina kuba na matao ya namna hiyo. Lakini kuazima joho ni jambo moja, na kujifunza kushona ni jambo jingine. Gaudí alijifunza kushona.

Mathalan, alipotaka kujua tao lisimame vipi, hakutegemea hesabu za karatasini pekee. Kwa kanisa la kijiji cha wafanyakazi wa Güell, alitundika nyuzi darini na kuzifungia vifuko vidogo vyenye vipande vya risasi, kila kifuko kwa kadiri ya uzito ambao jengo litaubeba. Nyuzi zikajichagulia umbo lao kwa kuvutwa chini. Kisha akazipiga picha na kuigeuza picha juu chini, na kile kilichokuwa kinaning'inia kikawa tao linalosimama bila kulemewa.

Kisha kuna vigae. Katika bustani ya Park Güell, iliyojengwa kati ya mwaka 1900 na 1914, kuna baraza ndefu inayojipinda kama nyoka, imefunikwa yote kwa vipande vya vigae, sahani na vikombe vilivyovunjika. Wakatalani huuita ufundi huo trencadís, neno litokalo katika kuvunja. Vitu vilivyokuwa vya kutupwa viwandani vilikusanywa na kupachikwa, na aliyemsaidia sana Gaudí katika kuzipanga rangi ni mwanafunzi wake, Josep Maria Jujol. Kigae cha bapa hakikubali kupinda, lakini kikivunjwa vipande vidogo huufuata mpindo wowote. Kile tunachokiona ni hasara, yeye alikiona ni njia.

Nilipoiona picha ya baraza ile nilinyamaza kwa aibu. Kwani wazee wetu walikwisha kuijua heshima ya kauri ukutani karne nyingi kabla. Mihrabu ya Msikiti Mkuu wa Gedi ilipachikwa mabakuli ya kauri, na kaburi la mnara kule Mambrui lilipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Na lugha yetu yenyewe imekiita kigae kile kipande cha chombo kilichovunjika, na ikakiita kigae hicho hicho kinachopamba ukuta na kuezekea nyumba. Neno nililo nalo mdomoni tangu utoto lilikuwa likinifunza, nami nikatupa vya bibi yangu jaani.

Hapana binadamu asiye na ila. Gaudí alikuwa mkaidi na mwepesi wa hasira. Jumba la Casa Milà, alilolianza mwaka 1906, lilimfikisha mahakamani na wenye nyumba kwa ajili ya malipo, na watu wa mji walilicheka wakaliita shimo la mawe. Hakuoa. Baba yake alifariki mwaka 1906, na mpwa wake aliyekuwa akiishi naye akafariki mwaka 1912. Tangu hapo aliyaacha majumba ya matajiri akabaki na kazi moja tu, kanisa la Sagrada Família, ambalo lilianzwa na mwingine mwaka 1882 na yeye akalipokea mwaka uliofuata. Yule kijana aliyekuwa akipenda mavazi mazuri akawa mzee wa koti lililochakaa, akipita kuomba michango ili ujenzi usisimame, na mwishowe akahamia karakanani kabisa.

Tarehe 7 Juni 1926, akienda kanisani kusali kama desturi yake ya kila siku, aligongwa na tramu. Kwa jinsi alivyovaa, watu walimdhania maskini wa njiani, na msaada ukachelewa. Alipelekwa katika hospitali ya mafukara, na siku tatu baadaye akafariki, umri wake ukikaribia miaka 74. Mji uliomwacha chini barabarani ukajaa njiani kumzika. Katika minara ya kanisa lake, mmoja tu aliuona umekamilika.

Wala masaibu hayakwisha kwa kifo chake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Hispania mwaka 1936, watu waliivamia karakana, wakachoma michoro yake na kuvunjavunja mifano ya jengo aliyoitengeneza kwa plasta. Waliofuata wakaviokota vile vipande, wakaviunga kimoja kimoja, na kutokana navyo wakajua jengo liendeleeje. Kwa hivyo kanisa la mjenzi wa vigae limejengwa kwa kusoma vigae. Papa Benedict XVI aliliweka wakfu mwaka 2010, na mwaka 2025 likalipita kanisa la Ulm la Ujerumani kwa urefu. Wapo wasemao kwamba yaliyojengwa baada yake si yake tena. Huenda wana haki. Lakini kazi ya uashi tangu hapo ni kupokezana.

Yeye na dini yake, nasi na yetu. Ila ufundi, kama elimu, hauulizi umetoka kwa nani, na huo wa Gaudí kwa sehemu yake ulitoka kwa mafundi wa Kiislamu ambao majina yao hakuna anayeyakumbuka.

Kigae changu alikiokota binti wa mpwa wangu, alipokuwa akichezea mchanga uani mwa nyumba ya bibi. Kimoja hicho ndicho kilichoponea jaa. Wapwa nimewaomba mwaka mmoja, nao wamenipa kwa shingo upande. Mwashi mzee bado yu hai, alhamdulillahi, na ameniambia kwamba kwanza saruji itolewe yote, ukuta uachwe ukauke taratibu, ndipo irudi chokaa. Kidaka kimoja nimemwonyesha mahali pa kukipachika kigae. Amecheka, akaniuliza vingine viko wapi.