Rachel Carson na sumu ya shambani

Wazazi wengi huuliza kama mboga zilizopuliziwa dawa za kuua wadudu ni salama kwa watoto, au wanunue za kilimo hai tu, ingawa bei yake ni kubwa. Leo umfahamu mtu aliyeifanya dunia ijiulize swali hilo: Rachel Carson.

Alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Alisomea elimu ya viumbe, akaajiriwa na idara ya serikali ya samaki na wanyamapori, na vitabu vyake kuhusu bahari vikampatia jina. Hakuolewa, lakini mwaka 1957 alimchukua mjukuu wa dada yake, mtoto wa miaka 5 aliyefiwa na mama, akamlea kama wake.

Wakati huo DDT ilisifiwa sana. Iliua mbu wa malaria na chawa waenezao magonjwa, ikaokoa maisha ya wengi. Ndipo ikaanza kumwagwa kwa ndege juu ya mashamba, misitu na hata makazi ya watu. Carson alikusanya ushahidi. Katika jimbo la Michigan miti ilipuliziwa, majani yakaanguka, minyoo ikayala, na ndege waliokula minyoo hiyo wakafa. DDT haivunjiki upesi. Hujikusanya kwenye mafuta ya mwili wa kila anayekula kilicho nayo.

Kitabu chake, Silent Spring, kilitoka mwaka 1962. Watengenezaji wa kemikali walimshambulia, wakidai atarudisha njaa na magonjwa. Hawakujua kuwa alikiandika huku akitibiwa saratani ya matiti. Alifariki Aprili 1964, akiwa na miaka 56. Mwaka 1972 Marekani ilipiga marufuku DDT mashambani.

Wengi husahau kwamba Carson hakutaka dawa zote zipigwe marufuku. Alitaka zitumike kwa uangalifu, na wananchi waambiwe madhara yake. Hata leo Mkataba wa Stockholm unaruhusu DDT kwa ajili ya kudhibiti mbu wa malaria, lakini si kwa kilimo.

Kwa hiyo usimnyime mwanao mboga na matunda kwa hofu. Faida zake ni kubwa. Vioshe kwa maji yanayotiririka, hata vya kilimo hai, kwani navyo hubeba vijidudu. Ukipulizia bustani yako, soma kibandiko na usivune kabla ya siku zilizoandikwa kupita. Usihifadhi dawa kwenye chupa ya soda, maana mtoto hatajua tofauti. Akiinywa, usimtapishe, mkimbize hospitali ukiwa na kopo la dawa hiyo mkononi.