Matilde Serao, Mwandishi wa Maskini wa Napoli

Katika nchi ya Italia, kando ya bahari, uko mji mkubwa uitwao Napoli. Zamani maskini wake walikuwa wengi kupita kiasi, nao walikaa katika vichochoro vyembamba ambamo jua haliingii. Aliyeyajulisha maisha yao kwa watu wa mbali alikuwa mwanamke, jina lake Matilde Serao.

Alizaliwa mwaka 1856 huko Patras, katika nchi ya Ugiriki. Baba yake alikuwa mtu wa Napoli aliyeikimbia nchi yake kwa ajili ya mambo ya siasa. Mama yake alikuwa Mgiriki. Waliporudi Napoli hawakuwa na mali. Matilde alifika umri wa miaka minane asijue bado kusoma wala kuandika. Ndipo alipojifunza, karibu na kitanda cha mama yake aliyekuwa mgonjwa. Kuchelewa huko hakukumzuia kuandika makumi ya vitabu.

Alipata cheti cha ualimu, kisha akaingia katika ofisi ya telegrafu ya serikali, akipeleka habari za watu kwa waya ili kuisaidia nyumba yao. Baada ya kazi alitunga hadithi na kuzipeleka magazetini. Mwaka 1882 akaenda Roma kuandika katika gazeti, jambo lililokuwa geni kwa mwanamke wakati ule.

Mwaka 1884 kipindupindu kiliingia Napoli, kikaua watu wapata 7,000, wengi wao katika vichochoro vile. Waziri mkuu, Depretis, alisema kwamba yafaa kulipasua tumbo la mji, yaani kubomoa nyumba mbovu na kufungua njia pana. Matilde akamjibu kwa kitabu, Il ventre di Napoli, maana yake Tumbo la Napoli. Alionyesha kwamba kubomoa hakutoshi. Je, serikali inajua maskini hula nini? Hupata fedha ngapi kwa siku? Ni nani anayewakopesha kwa riba ya kuwanyonya? Aliandika hata bei ya kipande cha chakula kinachouzwa njiani, kwa maana aliwajua watu hao kwa macho yake. Miaka ishirini baadaye alitembea tena mahali pale, akaona njia pana imejengwa, na nyumba zake ndefu zimesimama kama pazia. Nyuma ya pazia uchafu na njaa vilikuwa vile vile.

Katika kitabu kingine cha mwaka 1891, Il paese di cuccagna, alieleza ugonjwa mwingine wa mji huo: bahati nasibu ya serikali. Kila Jumamosi nambari 5 zilitolewa kati ya 90, na watu wakauza hata matandiko ili wacheze. Vitabu vyake vilinunuliwa sana, vikafasiriwa katika lugha nyingi.

Mwaka 1885 aliolewa na mwandishi mwenzake, Edoardo Scarfoglio. Walizaa wana wanne, wakaanzisha magazeti pamoja. Kubwa kuliko yote ni Il Mattino la mwaka 1892, ambalo lachapishwa hata leo. Lakini mume hakuwa mwaminifu. Mwaka 1894 mwanamke aliyezaa naye alikuja mlangoni pa nyumba yao na mtoto mchanga, akajipiga risasi, akafa baada ya siku chache. Mji mzima ulikuwa ukisema habari hiyo. Matilde alimtwaa yule mtoto wa kike, akamlea pamoja na wanawe. Akampa jina la Paolina, nalo lilikuwa jina la mama yake mwenyewe, yule aliyemfundisha kusoma.

Ndoa haikupona. Tena mwaka 1901, serikali ilipochunguza mambo ya mji, lawama zilimfikia yeye pamoja na mumewe. Akatoka katika Il Mattino, na mwaka 1904 akaanzisha gazeti lake, Il Giorno, akaliongoza mwenyewe. Jambo la kushangaza ni kwamba mama huyo aliyeongoza wanaume kazini hakutaka wanawake wapige kura.

Baada ya vita kuu ya kwanza alitunga Mors tua, kitabu cha uchungu wa akina mama ambao wana wao walipelekwa kufa. Kilitoka mwaka 1926. Tarehe 25 Julai 1927, huko Napoli, mauti yalimkuta mezani pake akiandika.