Bombardier: Fundi wa gereji aliyehangaika na mguu wa nyuma wa gari la theluji

Gari la theluji likiharibika, linaweza kuharibikia nyuma. Mbele kuna ski za kuelekeza njia. Nyuma ndiko kunakobeba uzito wa abiria na mzigo, ndiko mkanda unakozunguka kusukuma gari, na ndiko springi, mikono ya chuma na magurudumu madogo yanakopigwa na barafu na mawe kutwa nzima. Ufa ukiingia huko safari imekwisha, na katika nchi ambayo baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, dereva hawezi kulala ndani ya gari akisubiri spea ije kesho.

Mtu aliyeutafutia dawa mguu huo wa nyuma ni Joseph-Armand Bombardier, aliyezaliwa tarehe 16 Aprili 1907 katika eneo la Valcourt, jimbo la Quebec nchini Kanada. Baba yake, Alfred, alikuwa mkulima aliyegeukia biashara ya duka. Familia ilitaka kijana awe padri, na alipelekwa seminari mjini Sherbrooke. Yeye alipenda mashine.

Tarehe 31 Desemba 1922, akiwa na miaka 15, alitoa nje chombo alichokitengeneza kwa injini kuukuu ya Ford Model T, kikiwa na pangaboi la mbao nyuma na kukalia miguu ya kuteleza kama ya sleji. Akisaidiwa na ndugu yake Léopold alikiendesha karibu kilomita moja. Baba alipoliona pangaboi lile linazunguka wazi bila kinga, aliamuru chombo kivunjwe siku ile ile. Ni vigumu kumlaumu mzee huyo.

Akiwa na miaka 17 aliacha seminari, akajifunza ufundi katika gereji na baadaye mjini Montreal, ambako alisoma masomo ya jioni ya makanika na umeme. Mwaka 1926, kwa msaada wa baba yake, alifungua gereji yake Valcourt. Alitengeneza magari, mashine za shambani na pampu, na chombo cha kazi alichokikosa alikiunda mwenyewe.

Biashara hiyo ilikuwa na tatizo moja. Wakati huo barabara za vijijini Quebec hazikuondolewa theluji, kwa hiyo wenye magari waliyaegesha hadi majira ya baridi yapite. Msafirishaji aliyeona njia ikifungwa na masika anaielewa hasara hiyo, ila huko kufungwa kulidumu miezi mingi kila mwaka. Miezi hiyo gereji ikipoa, Bombardier aliitumia kwa majaribio.

Majira ya baridi ya mwaka 1934 mtoto wake Yvon, mwenye umri wa miaka miwili, aliugua ghafla kidole tumbo na tumbo likaingia uchafu wa ugonjwa. Hospitali ilikuwa Sherbrooke, umbali wa kilomita 50 hivi, na njia zote zilikuwa zimefunikwa. Gari la majaribio lililokuwa gereji halikuwa katika hali ya kusafiri. Mtoto alifariki.

Mwaka uliofuata, 1935, alipata jibu alilokuwa akilitafuta kwa miaka karibu kumi. Mikanda ya chuma iliyozungushwa na magurudumu ya chuma ilikuwa mizito, iliganda barafu kwenye meno, ikateleza au ikakatika. Bombardier alitengeneza gurudumu la meno lililovikwa mpira, likizungusha mkanda wa mpira uliotiwa nguvu kwa pamba na kuunganishwa na vyuma vya kukingama. Mpira haukushika barafu kama chuma, tena ulikuwa mwepesi na ulinyumbuka. Alihangaika pia na springi na mgawanyo wa uzito, kwani gari zito nyuma huzama kwenye theluji laini, na mguu mgumu usiocheza hupasuka unapogonga kisiki. Mwezi Juni 1937 alipewa hati ya haki ya uvumbuzi wa mfumo huo.

Gari la kwanza la kuuzwa lilikuwa B7, la watu saba, likafuatwa na B12 la watu kumi na wawili, lenye bodi ya plaiwudi na madirisha ya mviringo kama ya meli. Wanunuzi walikuwa madaktari, wasafirishaji wa barua, wenye mahoteli na wachukuzi wa mizigo. Ili kuwapata, yeye mwenyewe aliendesha magari hayo mji hadi mji wakati wa theluji, watu wakiona. Kiwanda kipya kilijengwa Valcourt, na mwaka 1942 kampuni ya L'Auto-Neige Bombardier ikasajiliwa. Wakati wa vita aliunda magari ya jeshi, na zaidi ya 1,900 yalitengenezwa kutokana na michoro yake, huku wateja wa kawaida wakitakiwa kuthibitisha kwamba gari ni la lazima kwa kazi yao.

Pigo la soko lilikuja mwaka 1948. Serikali ya Quebec iliamua kwamba barabara za vijijini ziondolewe theluji. Kwa wananchi ilikuwa neema, lakini mauzo ya Bombardier yalishuka kwa karibu nusu katika mwaka mmoja. Badala ya kung'ang'ania soko lililokufa, aliuza ujuzi wa mkanda mahali ambapo barabara haikuwepo kabisa: mikanda ya kufunga kwenye matrekta, na mwaka 1953 trekta la Muskeg la kupita kwenye mabwawa, lililonunuliwa kwa kazi za misitu, migodi na mafuta.

Chombo kidogo alichokiwazia tangu utotoni kilikuja mwaka 1959. Kwanza ilibidi injini ndogo zipatikane, na mkanda mmoja wa mpira usio na kiungo, ambao alisaidiana na mwanawe Germain kuutengeneza. Aprili 1959 kilijaribiwa na mmisionari Maurice Ouimet huko Lansdowne House, kaskazini mwa Ontario, mahali pa sleji za mbwa. Inasimuliwa kwamba jina lilikusudiwa kuwa Ski-Dog, kosa la uchapaji likalifanya Ski-Doo. Msimu wa kwanza ziliuzwa 225.

Ski-Doo za mwanzo zilikuwa na magurudumu madogo yenye springi ndani ya mkanda. Baadaye watengenezaji walihamia kwenye reli mbili ndefu za alumini zenye plastiki ya kutelezea chini, zikishikwa na mikono ya chuma, springi na shokapu. Starehe iliongezeka, lakini ufa haukuhama: huanzia kwenye matundu ya bolti, kwenye kona za reli na pembeni ya kilehemu. Mkono wa chuma unaweza kulehemiwa na kuongezwa kipande cha kuimarisha. Reli ya alumini ni kesi nyingine, kwa sababu moto wa kulehemu hulainisha chuma kilichokwisha kukaushwa kiwandani, na ufa hurudi sentimita chache pembeni. Ndiyo maana mafundi wengi hubadilisha reli nzima, na hukagua bushi na beringi kabla ya kufunga mpya, maana bushi iliyolegea ndiyo huanza kuipinda reli.

Bombardier alifariki kwa saratani tarehe 18 Februari 1964, akiwa na miaka 56 na hati za uvumbuzi zaidi ya 40. Msimu huo Ski-Doo zaidi ya 8,000 ziliuzwa. Kampuni iliingia baadaye kwenye treni na ndege. Q400 mbili ilizopokea Air Tanzania Septemba 2016 zilitoka kwake. Kitengo cha Ski-Doo kiliuzwa mwaka 2003 na kuwa BRP, ambayo makao yake yalibaki Valcourt. Gereji ya mwaka 1926 imehifadhiwa kwenye makumbusho ya mji huo.